Maktaba zetu zioneshe filamu

Kijana wa Dar es Salaam anayetaka kutazama filamu na wenzake huishia kwenye kibanda umiza: benchi la mbao, joto, spika inayokoroma, na mtafsiri anayetia chumvi kila mwigizaji anapofumbua mdomo. Raha ipo, hatukatai. Lakini picha ikiisha kila mtu hushika njia yake.

Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, na maktaba za mikoa zinaweza kutoa kinachokosekana hapo: mjadala. Zianze na Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Aliyemwona mhusika wake mkuu, Yasmin, kwenye skrini ataulizia kitabu, nacho kiwepo rafuni. Waliokwisha kukisoma watabishia kilichoachwa, na ubishi huo ndio tunaoutaka.

Mahitaji si makubwa: projekta, shuka jeupe, ridhaa ya mwenye filamu na mwongoza mjadala asiyehubiri. Kigumu ni muda, maana wengi hutoka kazini jioni. Bodi ya Huduma za Maktaba iruhusu milango ibaki wazi hadi saa tatu usiku, walau Ijumaa moja kila mwezi.