Mahindi yakikauka yanapungua uzito: hasara hiyo ni ya nani?

Mavuno yameanza tena huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, na simu zetu studioni zimejaa ujumbe kuhusu bei ya mahindi. Mmoja umetukaa kichwani. Msikilizaji ameandika: "Kila siku mnatuambia tukaushe. Nikikausha, gunia linapungua kilo. Mnunuzi anayekuja na fuso analipa bei ile ile, yawe mabichi au makavu. Sasa nakausha kwa faida ya nani?"

Swali hili ni la haki, na haliwezi kujibiwa kwa kumwambia mkulima "fuata ushauri wa wataalamu". Tulifanyie hesabu.

Maji ndani ya gunia

Ukiambiwa mahindi yako yana unyevu wa asilimia 18, maana yake ni kwamba katika kilo 100, kilo 18 ni maji na kilo 82 ni mahindi yenyewe. Jua likiyapiga, kinachoondoka ni maji. Yakifika asilimia 13.5, gunia lile lile litakuwa na kilo 94.8. Umepoteza kilo 5 na kidogo.

Tuseme bei ni shilingi 500 kwa kilo. Kabla ya kukausha ungepata shilingi 50,000. Baada ya kukausha, kwa bei ile ile, utapata shilingi 47,400. Ili usipate hasara, mahindi makavu lazima yauzwe karibu shilingi 528 kwa kilo, na hapo hujalipwa kazi ya kuanika na kuanua. Kwa hiyo msikilizaji wetu yuko sahihi: bei ikiwa moja kwa wote, anayekausha ndiye anayeumia.

Lakini mnunuzi naye anaijua hesabu hii. Anaponunua mabichi, bei anayotaja ameshaitoa maji ndani yake, na kwa kuwa hakuna aliyepima, anaweza kutoa zaidi ya maji. Hapo bado hatujagusa lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inaikataza na vijijini bado tunaiona. Anayeuza bila kupima unyevu na bila mizani anauza kwa macho ya mnunuzi.

Bambo likizama kwenye gunia

Mambo yanabadilika mahindi yanapofika kwenye kituo cha ununuzi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, hutaka unyevu usiozidi asilimia 13.5, kiwango kile kile cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mpimaji anazamisha bambo kwenye gunia, anatoa punje, anaziweka kwenye kipima unyevu, kisha anaangalia takataka, punje zilizovunjika na zilizooza.

Yakikataliwa, gharama zote ni za mkulima. Gari umeshalikodi. Utalipa wabebaji washushe, utamwaga mahindi kwenye turubai, utayalinda usiku, kisha utalipa tena kupakia na kupanga foleni. Kazi ambayo nyumbani ingefanywa na familia kwa siku tatu, kituoni inalipiwa kila hatua. Ndiyo maana wengine hukata tamaa na kumuuzia dalali aliyesimama nje ya geti.

Masharti hayo hayaishii kwenye mipaka yetu. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache ilifungua tena, lakini kwa masharti, likiwemo la cheti kuonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Uamuzi wa Nairobi ulifika hadi kwa mkulima wa kijijini ambaye hajawahi kuvuka mpaka.

Sumu isiyoonekana

Kuna hasara nyingine ambayo haipimwi kwa mizani. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua ghafla, macho yakawa ya njano na matumbo yakavimba. Wagonjwa 68 walirekodiwa, na 20 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye chakula chao.

Sumu hii hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye punje, na unyevu ndio unaowapa nafasi. Kuipika hakuiondoi. Mahindi yanaweza kuonekana safi na bado yakawa nayo. Punje zilizooza ulizochambua usizipeleke kwenye pombe wala kwa kuku, kwa sababu sumu inaweza kurudi mezani kwako kupitia kikombe au yai.

Unachoweza kufanya msimu huu

Usianike kwenye udongo mtupu. Tumia turubai au chanja, geuza mara kwa mara, anua kabla ya umande. Kupiga magunzi kwa fimbo huvunja punje, na punje iliyovunjika ni mlango wa kuvu na dumuzi. Kama mashine ya kupukuchulia ipo karibu, ni afadhali.

Kama huna kipima unyevu, tumia chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, weka chumvi kavu kidogo na mahindi hadi theluthi ya chupa, tikisa vizuri, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu bado umezidi asilimia 15. Isipoganda, usishangilie mapema: kati ya 15 na 13.5 bado kuna siku nyingine ya jua.

Mifuko ya kuzuia hewa huua dumuzi bila dawa, kwa kuwa wadudu hukosa pumzi. Lakini ukifungia mahindi mabichi humo, umeyafungia na maji yake. Panga mifuko juu ya vichanja, mbali na ukuta, na usiitupe chini wakati wa kushusha. Tundu moja dogo linatosha kurudisha hewa.

Jibu letu kwa msikilizaji

Unakausha kwa faida yako, kwa mahindi utakayokula na yale utakayouza panapopimwa. Lakini kukausha peke yako halafu kumuuzia asiyepima ni kumpa mtu kilo 5 bure kwa kila gunia.

Kwa hiyo lililobaki si la mkulima mmoja. Kipima unyevu kimoja na mizani moja kwenye chama cha msingi au ofisi ya kijiji vingebadilisha mazungumzo kati ya mkulima na mnunuzi. Wakulima kumi wenye magunia yaliyopimwa wanaweza kukodi gari moja hadi kituoni, bila hofu ya kurudishwa. Kama lazima uuze machache mapema kwa ajili ya ada au deni, uza hayo tu, mengine yakauke.

Kwenye mkutano ujao wa kijiji, ulizeni: kipima unyevu chetu kiko wapi? Mkijibiwa, tutumieni ujumbe. Tutalisoma jibu hewani.