Ugomvi Wangu na Neno "Tu"

Kwa miaka sita tumbo langu lilikuwa adui yangu. Nikila ugali mchana, hadi usiku nilihisi umekaa palepale kama jiwe. Choo nilikipata mara moja kwa wiki, tena kwa machozi. Daktari niliyemwendea aliniuliza kama nimeolewa na nina watoto wangapi. Hakunishika tumbo. Alisema, "Mama, hayo ni mawazo tu. Nenda ukapumzike."

Ndugu msomaji, mimi sina ugomvi na neno "mawazo". Ugomvi wangu ni na hilo "tu".

Kwamba fadhaa huingia tumboni, Waswahili tulijua zamani. Ndiyo maana mwenye wasiwasi tunasema yuko matumbo joto. Huko Marekani mwaka 1822, kijana Alexis St. Martin alipigwa risasi, na tundu la tumboni mwake halikuziba kamwe. Daktari William Beaumont alichungulia humo kwa miaka, na katika kitabu chake cha mwaka 1833 akaeleza jinsi hasira inavyovuruga usagaji wa chakula. Leo inajulikana kwamba ndani ya kuta za utumbo zimo chembe za neva zaidi ya milioni 100, zinazopelekeana habari na ubongo usiku na mchana. Basi jambo linalopita katika neva na misuli linakuwaje "tu"?

Tena kuna suala la jinsia. Kwa wastani, tumbo la mwanamke huteremsha chakula polepole kuliko la mwanamume. Homoni ya projesteroni hulegeza misuli ya utumbo, na ni sababu mojawapo ya wajawazito wengi kufunga choo. Juu ya maumbile hayo, ongeza malezi. Binti anayesoma shule yenye choo kisicho na mlango hubana haja mpaka arudi nyumbani. Mama naye hungoja kwanza watoto na mume waondoke. Anayezoea kubana, utumbo wake nao huzoea kunyamaza. Kisha anaitwa mwenye mawazo!

Najua nitajibiwa kwamba foleni ni ndefu na daktari ni mmoja. Ni kweli. Lakini kuuliza kama mgonjwa anatoa damu chooni, amekonda au amepungukiwa damu, hakuchukui dakika tano. Tukumbuke pia vidonda vya tumbo. Miaka mingi lawama kubwa ilitupiwa wasiwasi, mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipomtambua bakteria wake miaka ya 1980, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Ni wangapi waliambiwa wapumzike, kumbe walihitaji dawa ya kuua bakteria?

Aliyenisaidia ni muuguzi mstaafu, jirani yetu. Aliuliza ninakunywa maji kiasi gani, na ninakwenda chooni saa ngapi. Sikuwa na saa. Akanipangia: baada ya chai ya asubuhi, mlango umefungwa, bila haraka. Halafu akauliza tumbo lilianza lini. Nikamjibu: mwaka niliomzika mama yangu. Nikalia pale pale.

Kumbe mawazo yalikuwepo. Lakini yule aliyeniambia ni mawazo hakuniuliza ni mawazo gani.