Timu ya mwanao ikifungwa, usimwambie "ni mchezo tu"

JUMAPILI ya Aprili 6, 2025, timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Connecticut, UConn, ilitwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani kwa kuifunga South Carolina 82-59. Dada yangu anaishi huko Connecticut. Alinitumia video ya binti yake akirukaruka sebuleni, nami nikakumbuka simu aliyonipigia mwaka uliotangulia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Aprili 6, 2024. Kwao ulikuwa bado usiku wa manane.

"Mdogo wangu, si wewe unayeandika mambo ya afya? Huyu mtoto analia mpaka anatapika. Nimpe nini?"

Nikauliza kama ana homa.

"Homa ya nini! Timu yake imefungwa."

Ilikuwa nusu fainali mjini Cleveland: Iowa 71, UConn 69. Zikiwa zimebaki sekunde 3.9, UConn walikuwa nyuma kwa pointi moja na mpira ulikuwa wao. Mchezaji wao Aaliyah Edwards alisimama kumzuia mlinzi wa Iowa ili mwenzake, Paige Bueckers, apate nafasi ya kurusha. Mwamuzi akapuliza filimbi: Edwards hakusimama tuli, ni faulo. Mpira ukaenda Iowa, na mechi ikaishia hapo. Faulo ile ilibishaniwa kwa siku kadhaa.

Mwanangu huyo, wakati huo ana miaka 12, alikuwa amesukwa rasta za zambarau kama za Edwards. Filimbi ilipolia, aliona kama amepulizwa yeye. Baba yake akamwambia, "Unawalilia watu ambao hata hawakujui?" Dada akaongeza, "Ni mchezo tu, kalale." Mtoto akajifungia chumbani.

Wazazi wengi tungesema hivyo hivyo, na wala si kwa ubaya. Lakini mwili haujui kuwa ni mchezo tu. Katika mechi kali mwili humwaga adrenalini, moyo hudunda kasi, tumbo huvurugika na usingizi hupaa. Watafiti wa Munich walipofuatilia Kombe la Dunia la 2006, waligundua kuwa siku ambazo Ujerumani ilicheza, dharura za moyo ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Hao walikuwa watu wazima, na waliokuwa hatarini zaidi ni wenye ugonjwa wa moyo tayari, kwa hiyo usiingiwe na hofu juu ya mwanao. Ninachotaka uone ni kwamba machozi yale hayakuwa deko.

Kuna jambo lingine kubwa zaidi. Leo analilia mpira, na wewe unapima kama kilio kinastahili. Kesho ataonewa shuleni au rafiki atamgeuka, naye atakumbuka jinsi ulivyopima. Mtoto aliyechekwa kwa jambo dogo haleti jambo kubwa.

Nilimwambia dada asimpe dawa yoyote. Ampe maji kidogo kidogo, azime simu, kisha akae naye bila kuhubiri. Akaenda. Mtoto akamwambia kitu kimoja tu: "Nifumue."

Dada akaketi kitandani, akaanza kufumua taratibu. Alipofika rasta ya tatu au ya nne, mtoto akauliza, "Mama, ni yeye ndiye aliyetuponza?" Dada hajui kikapu hata kidogo, akasema, "Sijui. Hebu nieleze ilivyokuwa." Mtoto akaeleza tangu mwanzo: walivyoongoza hadi mapumziko, walivyopoteza mipira, mitupo waliyokosa. Akajijibu mwenyewe kwamba mechi nzima haiwezi kubebeshwa mtu mmoja. Kisha akasema, "Basi, mama. Zilizobaki ziache."

Angalia pia kile ambacho dada hakusema: "Mwakani mtashinda." Ahadi hiyo si yetu kuitoa. Ni kweli UConn walishinda mwaka 2025, na Bueckers aliaga chuo akiwa bingwa. Lakini Edwards alikwishaondoka mwaka 2024 kwenda kucheza ligi ya kulipwa. Kombe hilo halikumkuta. Iowa nao, waliosherehekea usiku ule, siku mbili baadaye walifungwa fainali na South Carolina 87-75. Mtoto anaweza kuujua ukweli huo na bado akapenda timu yake.

Huzuni ya namna hii kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Mrudishie ratiba yake: chakula, michezo na usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa siku. Wa 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Kama kuna mechi ya usiku sana, kubalianeni mapema kama ataangalia au atasubiri matokeo asubuhi.

Huzuni ikifika wiki mbili, akikataa chakula, akijitenga na rafiki zake au akichukia shule, mpeleke kwa mtaalamu wa afya. Hapo huenda mpira si chanzo pekee. Akisema anataka kujidhuru au kufa, usingoje hata siku moja. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa machozi ya kawaida ya mechi, kaa naye tu na umwombe akueleze ilivyokuwa, hata kama kikapu hukijui.