NENO "BOYI" NA MAANA YAKE

Wandugu wasomaji, wafanyakazi wa machimbo na ninyi wakaaji wa mjini, leo tupime neno moja tunalolisikia kila siku toka Masisi mpaka Walikale: boyi.

Neno hili si letu. Wala si la Wabelgiji waliotutawala, maana wao walisema Kifaransa na Kiflama. Ni la Waingereza. Kwao maana yake ya kwanza ni mtoto mwanamume. Baba humwita hivyo mwana wake kwa upendo, na wazee wanaocheza mpira pamoja huitana hivyo kwa utani. Hapo hakuna ubaya. Lakini Waingereza walipotawala nchi za watu, walimwita hivyo kila mtumishi, hata mwenye mvi. Wabelgiji nao wakalishika neno hilo, na hapa Kongo likazaa: boyi wa nyumba, boyi wa shoferi, na kijumba cha nyuma ya kiwanja kikaitwa boyeri.

Tofauti iko wapi? Iko katika swali moja: je, anayeitwa aweza kumrudishia mwitaji neno lile lile? Marafiki waweza. Mpishi mwenye wajukuu hakuweza kumwita bwana wake mtoto. Angalifukuzwa siku ile ile. Kwa sababu hiyo, tarehe 30 Juni 1960, mbele ya Mfalme Baudouin, Patrice Lumumba hakutaja kazi ngumu na mishahara midogo tu. Alitaja pia jinsi mtu mweusi alivyosemeshwa "tu", na "vous" ya heshima ikabaki ya Wazungu.

Wengine watasema: neno halivunji mfupa, sisi twataka mshahara. Basi tutazame Memphis, Marekani. Mwaka 1968 wazoa taka weusi wapata 1,300 waligoma. Walidai mshahara na chama chao kitambuliwe, lakini mabango waliyoyabeba yalisema kwamba kila mmoja wao ni mwanamume kamili. Walijua kwamba anayeitwa mtoto hulipwa kama mtoto. Na mwaka 2006 mahakama kuu ya nchi ile iliamua kwamba neno hili peke yake, likiambiwa mfanyakazi mweusi, laweza kuwa ushahidi wa ubaguzi, kwa kufuata sauti ya msemaji, desturi ya mahali na historia yake.

Sasa turudi kwetu. Wabelgiji walikwenda zao, lakini neno wametuachia, na sisi wenyewe twalitumia. Mwenye shimo humwita boyi mbeba gunia la kolta au la kasiteriti. Mama wa mjini humwita boyi baba wa watoto 6 anayemfulia nguo. Je, huo ndio uhuru?

Mimi ni karani, nami najua nguvu ya kitabu. Kapita akileta karatasi iliyoandikwa "boyi 5", hao watano hawana jina. Udongo ukiwafukia, mjane atadai kwa nani, na kwa ushahidi gani?

Tena liko jambo baya zaidi. Sheria ya madini ya mwaka 2002 yampa karata ya mchimbaji mtu mzima tu. Lakini ukiwaita wazee wote boyi, nani atajua kwamba katika wale watano, wawili ni watoto wa kweli, waliopaswa kuwa shuleni? Neno moja lamnyang'anya mzee utu uzima wake, na papo hapo lamficha mtoto ndani ya shimo.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, makarani wote, andikeni jina la mtu, umri wake na kazi yake: mchimbaji, mbeba mzigo, mlinzi, mpishi. Kazi zote hizi zina majina katika lugha yetu. Pili, wenye nyumba, mwiteni mtumishi kwa jina lake, na aliye mzee mwiteni papa, kama mnavyomwita jirani. Tatu, nawe mfanyakazi, ukiitwa boyi, jibu kwa adabu: "Jina langu ni fulani." Usione haya. Bwana asiyetaka kujua jina lako hatataka kujua haki yako.

Bendera tuliipata siku moja. Heshima twapaswa kuilinda kila siku, na ianze midomoni mwetu wenyewe.