Uovu wa Kilwa Haukuja na Gitaa

Ukitaja muziki wa metali hapa Katanga, unakatizwa kabla hujamaliza: hayo ni makelele ya Wazungu, tena ya kishetani, muziki wa Mwafrika ni wa kucheza. Maneno haya yanarudiwa makanisani na redioni kana kwamba ni Maandiko. Si kweli, na yanatudhuru.

Tuanze na huo ugeni. Mwaka 2020 Martin Khanja na Sam Karugu wa Nairobi walitoa albamu ya kundi lao, Duma, kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, akatoa albamu yake mwenyewe, The Adept. Gitaa linanguruma, ngoma zinafukuzana, naye anapiga ukelele wa kupasua koo. Anamuenzi bibi yake mkuu, Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau aliyefariki mwaka 2023. Huo ni ugeni gani?

Gitaa lenyewe lilitoka ng'ambo, lakini Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, tunamwita fahari ya Katanga. Na sauti ya kukwaruza tunayo siku nyingi: Konono No. 1 wa Kinshasa waliunganisha likembe na maikrofoni walizojitengenezea kwa sumaku za vipuri vya magari. Karindula ya Lubumbashi ni pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi. Ikipigwa, mtaa mzima unajua.

Kuhusu shetani, twendeni Kilwa, kando ya Ziwa Mweru. Oktoba 2004 jeshi liliingia kuzima uasi wa watu wachache, na watu zaidi ya 70 wakauawa. Magari ya kampuni ya Anvil Mining, iliyochimba shaba na fedha Dikulushi, yaliwabeba wanajeshi. Kampuni ilisema ililazimishwa kuyatoa. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi haikumtia mtu yeyote hatiani kwa mauaji hayo ya Kilwa. Uovu huo haukuja na gitaa. Ulikuja na bunduki, ukaondoka bila kuadhibiwa.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwenye uchungu kama huo tumwambie acheze tu? Tunavumilia libanga, yaani kuwataja na kuwasifu wenye pesa ndani ya nyimbo ili watoe zaidi, wala hatusemi ni dhambi. Kijana akipiga ukelele kwa ajili ya waliouawa, ndipo tunakumbuka shetani. Hapo tumewalinda wakubwa, si imani.

Wachungaji, msikilizeni kijana kabla ya kumkemea. Watangazaji, wapeni vijana hawa nao saa yao hewani. Wazazi, waacheni wafanye mazoezi. Nchi iliyozika watu wengi hivi ina haki ya kupiga kelele.