Kabla Uipige Gari ya Mzee Rangi Nyeusi, Soma Hii

Wacha nianze na ukweli ambao mzee wangu hapendi nikiusema mbele ya wageni: nilikaribia kuharibu Probox ya nyumbani kwa sababu ya picha.

Ilikuwa Oktoba, msimu wa bonasi. Kama umelelewa huku kwetu Kericho ama Bomet, unajua Oktoba inakuwaje. Pesa ya majani chai imeingia, mabati yanapakiwa, ndama wananunuliwa, na vijana wanaanza kuangalia gari za wazazi wao kwa macho mengine. Mimi nilitaka Probox iwe na uso mweusi usiong'aa: bonneti, bampa, fenda mbili za mbele na rimu. Maboyz walikuwa wanapanga kwenda Naivasha kwa Safari Rally. Tangu hiyo mbio irudi kwenye ratiba ya dunia mwaka wa 2021, kila kijana mwenye ufunguo wa gari, hata kama ni wa kuazima, anataka gari yake ifanane na za mashindano.

Nikaongea na fundi wa kupuliza rangi pale Kericho mjini. Akasema atapiga msasa asubuhi, apulize mchana, jioni nije kuchukua gari. Kulikuwa kumebaki kibali cha mzee tu.

Nilimpata anakunywa chai. Hakunijibu haraka. Akauliza, "Na mtu akitaka ile rangi ya kwanza irudi, atafanya nini?" Nikasema itapigwa tena. Akaweka kikombe chini. "Kijana, hii gari ni majani. Mama yako ameichuma jani kwa jani. Hakuna mtu atapitisha msasa hapo."

Nilikasirika, sitadanganya. Lakini nikifikiria sasa, lile swali lake ndilo swali la maana kuliko yote kwa kijana anayetaka kupamba gari: ile ya kwanza itarudi vipi? Na jibu lipo. Linaitwa rangi ya mpira.

Kwa wale hawajui, hii ni mpira wa majimaji unaopuliziwa kwa bodi ya gari, unakauka, na siku ukichoka unaubandua kwa mkono kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Jina linalojulikana zaidi ni Plasti Dip, ya kampuni moja ya Minnesota, Marekani. Mwanzoni haikuwa ya magari. Ilikuwa ya vifaa vya kazi: unachovya mpini wa koleo ndani ya kopo, unatoa, unaacha ukauke, na sasa koleo haiteleze mkononi. Baadaye watu wakagundua inaweza kupulizwa kwa rimu, halafu bonneti, halafu gari nzima.

Tofauti na rangi ya kawaida iko hapa. Rangi ya kawaida inataka bodi ikwaruzwe kwa msasa kwanza ili ishike, na ikishashika imeshika. Ya mpira haitaki msasa. Inakuja ikiwa imeyeyushwa kwa kemikali. Hizo kemikali zikipotea hewani, kinachobaki ni ngozi moja ya mpira iliyolala juu ya rangi ya zamani bila kuungana nayo. Rangi ya kiwanda inakaa pale chini salama, ikingoja.

Na hii ndiyo hoja yangu. Wasee wengi wa rika letu tunaendesha kitu ambacho si chetu. Ni gari ya mzee, ya anko, ya bosi, ya sacco. Waswahili walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na walikuwa sahihi, lakini hawakusema usiivae. Ivae, ila usiikate mikono ili ikutoshe. Rangi ya mpira ni njia ya kuweka sura yako kwa mali ya mwingine na bado uweze kuirudisha ilivyokuwa. Hiyo ni heshima, na mzee wangu aliielewa kabla nimalize kumweleza. Alisema tu, "Haya. Lakini siku nikisema toa, unatoa."

Sasa, kuna watu wataniambia hii ni rangi ya wasio na doo, ati mwenye pesa halisi anaweka stika gari nzima ama anapiga rangi kamili. Sawa. Stika ni nzuri, lakini inataka mkono wa mtu amefunzwa, la sivyo inajaa mapovu kwenye kona. Ya mpira kijana makini anaweza kujifanyia nyumbani. Neno ni makini. Mimi nilijifunza kwa makosa, kwa hivyo chukua haya bure.

Kwanza, hali ya hewa yetu. Huku mvua inapenda kuja alasiri, na unyevu ni rafiki mbaya wa hii kazi. Rangi inapata weupe kama ukungu. Anza asubuhi jua likishatoka, bodi ikiwa kavu kabisa, na gari iwe imeoshwa hadi vumbi jekundu lote limetoka, hata lile la kwenye mikunjo. Mafuta yakibaki ama matope yakibaki, mpira utashika matope badala ya gari.

Pili, usiwe bahili. Tabaka la kwanza liwe jepesi, hata uone rangi ya chini. Halafu ongeza, ukingoja kila moja likauke kidogo, hadi yafike matano ama zaidi. Watu wengi hukosea hapa. Wanapuliza mawili, gari inakaa poa kwa picha, wanaenda. Tabaka jembamba halibanduki; linakatika vipande vidogo vidogo na utakaa hapo wiki nzima ukikwaruza kwa kucha. Kingo ndizo huwa nyembamba zaidi. Ukijikuta tayari uko kwa hiyo shida, pulizia matabaka mengine juu, yakauke vizuri, ndiyo uvute. Na kama unataka gari nzima, jua hiyo ni magaloni kadhaa na mashine ya kupulizia, si makopo mawili ya mkono.

Tatu, mvuke wake si mchezo. Zile kemikali zinaumiza kichwa na zinashika moto. Fanya nje ama mahali hewa inapita, mbali na jiko na sigara, na uvae barakoa yenye vichujio vya kemikali. Ile ya kitambaa haikusaidii hapa.

Nne, petroli. Petroli inakula huu mpira. Binamu yangu aliweka jerikani ya petroli ya mashine ya kukata nyasi juu ya bonneti, dakika chache tu akitafuta funeli. Jerikani ilikuwa imelowa chini. Alipoinua, kulikuwa na duara limekunjamana kama ngozi ya maziwa. Kwa hivyo kwa sheli, angalia mtu anayekujazia.

Tano, usidanganywe kwamba mpira ni kinga ya kila kitu. Unasaidia kidogo na vijiwe vya murram vinavyorushwa na lori za majani. Ile mvua ya mawe yetu, ambayo imeifanya Kericho ijulikane hadi kwa wanasayansi wa ng'ambo, itakubonyezea bati vile vile.

Halafu kuna serikali. Rangi ya gari imeandikwa kwa logbuku, na ukibadilisha rangi ya gari unafaa kuipelekea NTSA hayo mabadiliko. Polisi akikusimamisha pale Kaplong na logbuku inasema fedha ilhali gari ni nyeusi tititi, hadithi ya "afisa, hii ni ya kubanduka" itakuwa ndefu sana. Ndiyo maana mimi niliacha milango, paa na nyuma vile vilivyokuwa. Na kama ni matatu, ule mstari wa manjano umekuwa lazima tangu zile sheria za Michuki za 2004. Usiufunike hata kwa siku moja ya harusi.

Basi, Probox ikakaa na uso mweusi miaka miwili. Ilienda Naivasha, ilibeba majani hadi kituoni, ilipeleka nyanya hospitali, ilipigwa picha nyingi kuliko mimi. Ningeishia hapo, hii ingekuwa hadithi tamu ya kopo la rangi. Lakini sababu hasa ya kuandika haya ni siku niliyoibandua.

Dadangu alikuwa ameitwa chuo na karo haikutosha. Mzee akaamua kuuza gari. Mnunuzi kutoka upande wa Sotik akasema atakuja saa nane mchana. Mzee akaniambia, "Toa." Asubuhi nikaanza.

Bonneti ilitoka kama shuka, kipande kimoja, na chini yake fedha safi kabisa. Fenda ya kulia, safi. Nikashika ukingo wa fenda ya kushoto, nikavuta, na mpira ukaja na rangi. Rangi yenyewe, ile ya fedha, imeng'ang'ania mpira upande wa nyuma. Chini yake kulikuwa na filla ya kijivu, imejazwa kama simiti ya ukutani, kutoka kwa taa hadi karibu na mlango.

Ile gari iliuzwa kwetu na muuzaji mmoja aliyeapa haijawahi kuguswa tangu itoke Japani. Ilikuwa imegongwa, ikajazwa, ikapulizwa rangi ya haraka, ikang'arishwa. Mpira hushika bila kudhuru pale rangi ya chini imeshika vizuri. Ya kiwanda inavumilia. Ya kupulizwa kiholela juu ya filla inang'oka nayo. Kwa hivyo mpira haukuharibu hiyo fenda, ulitoa siri tu.

Sasa nisikilize. Nilikuwa na kopo moja limebaki kwa stoo. Ilikuwa saa tano. Nilihesabu kichwani: matabaka matatu, uso wote uwe mweusi tena, mnunuzi ataona mtindo, hataona filla. Karo ya dadangu ilikuwa inategemea ile bei. Nikalitoa kopo, nikaanza kulitikisa, ile kokoto ndani inalia ka-ka-ka.

Mzee akatoka nje. Akaangalia fenda muda mrefu. Nikamwambia, "Baba, nipe saa moja tu. Hataona."

Akasema, "Hata yule aliyetuuzia alikuwa na kopo."

Nikaliweka chini.

Mnunuzi alipokuja, mzee alimpeleka moja kwa moja kwa ile fenda kabla hata ya kusalimiana vizuri. Jamaa akazunguka gari mara tatu, akakata bei, akakatakata tena. Mzee akakubali. Pengo la karo lilijazwa na ndama tuliyekuwa tunamlea. Sitakudanganya kwamba wema ulilipwa palepale. Tulipoteza pesa, na mama alimlilia yule ndama.

Lakini najua kitu sasa. Rangi ya kubanduka ni kitu kizuri kwa sababu inabanduka. Siku unaitumia ili isibanduliwe kabla gari iuzwe, haina tofauti na filla. Na naona huo mchezo umeanza: unaona gari inauzwa mtandaoni, "imepambwa kisasa", bonneti nyeusi, bampa nyeusi, na muuzaji hataki uguse.

Kwa hivyo sheria zangu ni rahisi. Kabla upulize, kagua gari kwanza. Gonga bodi kwa kidole, sikiliza pale sauti inabadilika kuwa nzito. Pitisha sumaku iliyofungwa kwa kitambaa laini, pale haishiki bati, uliza maswali. Ukipata filla, usipulize hapo, na mwambie mwenye gari. Ukiwa unauza, bandua kwanza. Ukiwa unanunua gari yenye sehemu nyeusi za mpira, mwambie muuzaji avute kona moja mbele yako. Akikataa, panda matatu urudi nyumbani na pesa yako.

Dadangu yuko mwaka wa pili sasa. Mzee amenunua Probox nyingine, nyeupe, na safari hii alienda kuiangalia na sumaku mfukoni. Juzi nimemuuliza kama naweza kuiwekea rimu nyeusi.

Akauliza, "Za kubanduka?"

Nikasema ndiyo.

"Basi weka. Lakini zile fenda zote mbili, wachana nazo."