Umeme Unafika Zuzu, Mafuriko Yanabaki Rufiji

Apitaye Zuzu, pembezoni mwa jiji la Dodoma, huiona minara na nyaya za kituo cha kupoza umeme. Umeme wa Mtera, wa Kidatu, na tangu Februari 2024 ule wa Bwawa la Julius Nyerere, wote umechanganyika katika Gridi ya Taifa. Hakuna miongoni mwetu awezaye kusema taa yake inawashwa na maji ya mto gani. Ndiyo maana malalamiko ya watu wa Rufiji yanatuhusu, hata kama bahari na delta viko mbali nasi.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoziharibu nyumba na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, wananchi waliyanyooshea kidole maji yaliyofunguliwa bwawani. Serikali ilijibu kuwa mvua zilizidi kiasi, kwamba bwawa lisingeweza kuzuia maji yote kwa usalama wake lenyewe, na kwamba bila ya bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, kwani Rufiji ilifurika mwaka 1968 na 1974, wakati bwawa halikuwapo. Lakini halikuligusa swali lililoulizwa: ni kiasi gani cha maji kilifunguliwa, siku gani, na mkulima aliyekuwa shambani aliambiwa na nani?

Aghalabu sisi wa bara huuliza kwa nini watu hao wasihame bondeni. Walihamishwa! Baada ya mafuriko ya 1968 ilikuja Operesheni Rufiji, wakapelekwa vijiji vya juu. Kisha wengi wakarudi kulima bondeni, wakikaa katika madungu msimu wa mazao. Huko juu ardhi ni ya mchanga. Bondeni mafuriko huacha tope lenye rutuba, na maji yakishapungua hulimwa mlau, yaani kilimo cha unyevu uliobaki ardhini. Mafuriko hayo hayo huyajaza maziwa ya pembeni ambamo samaki huzaliana. Kwenye delta nako, maji matamu ya mto ndiyo yanayoizuia chumvi ya bahari isiufikie mpunga. Watu hawa hawayachukii mafuriko. Wanachokiogopa ni mafuriko yasiyo na majira, na pia mwaka usio na mafuriko kabisa, huku tope likituama nyuma ya ukuta wa bwawa.

Nasi wa Dodoma tuna kumbukumbu yetu. Mtera ilipopungukiwa maji na mgao wa umeme ukakaza mwaka 2006, wafugaji wa Usangu ndio walioamriwa kuondoka na mifugo yao, wakidaiwa kuukausha Ruaha Mkuu. Maji yakipungua hulaumiwa walio juu ya mto, na yakizidi huambiwa walio chini kwamba wamejenga pasipofaa. Mwenye ufunguo wa lango haulizwi sana.

Bwawa hili la megawati 2,115 limekwishajengwa, na manufaa yake ni makubwa; mwandishi huyu haombi libomolewe. Linaloombwa ni ratiba ya kufungua maji iliyopangwa pamoja na wakulima na wavuvi wenyewe, ikiwamo kuachia kwa makusudi mafuriko madogo ya kulisha mlau na maziwa. Tena tahadhari isiishie katika ofisi za wilaya. Kila kijiji cha bondeni chenye msikiti wenye kipaza sauti kinaweza kutangaziwa usiku huo huo, nao Waislamu wa huko ni wengi. Aliyepoteza shamba kwa maji yaliyofunguliwa kwa amri ajue pia ni ofisi ipi itakayompokea na kumlipa.

Masika huanza Machi. Ratiba hiyo ingefaa iwe mikononi mwa vijiji kabla ya mpunga kupandwa.